Nihame kampuni ya intaneti au nibaki? Hesabu ya nyumba moja ya Tudor

"Tunaishi Tudor, Mombasa, ghorofa ya tatu, nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu. Nalipia faiba ya Mbps 30, shilingi 3,900 kwa mwezi, na sina mkataba: nikilipa inawaka, nisipolipa inazima. Kazi yangu naifanyia nyumbani. Nasikiliza rekodi na kuziandika, na mara tatu kwa wiki nina mkutano wa video saa 3 usiku na watu walio ng'ambo. Mchana sina shida. Usiku, watoto watatu na baba yao wakishashika simu na televisheni, mkutano unakatika-katika, na chumba cha nyuma ninachofanyia kazi Wi-Fi inashika kwa tabu. Kijana wa kampuni nyingine amekuja mlangoni: Mbps 40 kwa shilingi 2,500, kufungiwa bure, rauta nainunua 2,500, mkataba wa mwaka. Nilipombana akasema hiyo 2,500 ni ya miezi mitatu ya kwanza, baadaye ni 3,300. Kampuni yangu yenyewe ina kifurushi cha Mbps 15 kwa 2,800. Jirani wa ghorofa ya pili amehamia kampuni ya huyo kijana na anasifu. Wa ghorofa ya tano amehamia na anajuta. Shemeji yangu anasema nisihangaike na waya, ninunue dishi la Starlink, ile intaneti ya setilaiti. Je, nihame? Na nikihama, kwa kweli nitaokoa pesa ngapi?"

Dada yangu, maswali yako ni mawili, ila umeyafunga kwenye furushi moja. Unataka bili ishuke, na unataka mkutano wa saa 3 usiku usikatike. Yule kijana wa mlangoni anakuuzia dawa moja ya maradhi yote mawili, na hapo ndipo nimeona watu wengi wakipoteza pesa: wanahama kwa sababu intaneti inakwama, kisha mkwamo uleule wanaukuta kwenye rauta mpya, na safari hii wamefungwa na mkataba. Kwa hiyo tuyatenganishe. Tuanze na pesa.

Sasa hivi unalipa 3,900 mara 12, yaani shilingi 46,800 kwa mwaka. Kwa kampuni mpya, miezi mitatu ya 2,500 ni 7,500, na miezi tisa ya 3,300 ni 29,700. Jumla 37,200. Kwenye karatasi umeokoa 9,600. Toa rauta ya 2,500, inabaki 7,100. Halafu kuna mwezi ambao hakuna mchuuzi anayeutaja. Wewe riziki yako inapita kwenye waya huo, huwezi kukata ya zamani leo ukategemea ya kesho iwake. Itabidi ulipie zote mbili kwa mwezi mmoja, na hiyo ni 3,900 nyingine. Akiba ya mwaka wa kwanza inabaki 3,200, kama shilingi 267 kwa mwezi. Si pesa ya kutupa, lakini si ile tofauti ya 1,400 uliyoisikia mlangoni.

Mwaka wa pili ndio wenye nafuu yenyewe: ungelipa 39,600 badala ya 46,800, ukaokoa 7,200. Sharti moja tu, ile 3,300 ibaki 3,300. Muulize kama bei ya mwaka wa pili imeandikwa kwenye mkataba, na kama VAT ya asilimia 16 na ushuru mwingine vimo ndani yake.

Sasa tazama kile kifurushi cha Mbps 15 ulichokitaja kwa kupita. Shilingi 2,800 mara 12 ni 33,600. Ukikishukia, umeokoa 13,200 kwa mwaka, zaidi ya mara nne ya akiba ya kuhama katika mwaka huo wa kwanza, bila kutoboa ukuta, bila rauta mpya, bila kutia sahihi popote. Tena kwa kuwa huna mkataba, usipokipenda unarudi ulikokuwa mwezi unaofuata. Hukuniuliza kukihusu, na nadhani najua kwa nini: 15 inasikika ndogo. Tuone kama kweli ni ndogo.

Mbps ni megabiti kwa sekunde, na biti nane ndizo zinazofanya baiti moja. Ndiyo maana faili la megabaiti 100 kwenye laini ya Mbps 30 huchukua karibu sekunde 27, si sekunde tatu. Netflix wenyewe wanashauri Mbps 3 kwa picha ya HD ya kawaida, 5 kwa HD kamili na 15 kwa 4K. Mkutano wa video wenye picha safi unakula kama Mbps 3 hadi 4 kwenda, na kiasi kama hicho kurudi. Basi hesabu nyumba yako saa 3 usiku: televisheni 5, watoto wawili kwenye YouTube ya simu tuseme 3 kila mmoja, baba yao na mtoto wa tatu 2 kwa pamoja, na mkutano wako 4. Jumla ni 17. Mbps 30 zinakutosha na kusaza. Mbps 40 hazikuongezei kitu ambacho leo unakikosa. Mbps 15 zinabana usiku, lakini hazibani sana, na televisheni ikishushiwa ubora kidogo zinaingia.

Kama 17 inaingia ndani ya 30, mbona mkutano unakatika? Hapa ndipo penye kazi, na naomba uwe na subira nami.

Sauti yako inapotoka kwenye laptopu hadi ikamfikia mtu wa ng'ambo, inapita vipande vitatu vya njia. Cha kwanza ni hewa ya nyumbani mwako, kutoka laptopu hadi rauta. Cha pili ni waya kutoka rauta hadi kituo cha kampuni, pamoja na njia ambayo kampuni inagawia mtaa mzima. Cha tatu ni kutoka hapo kwenda duniani. Ukihama kampuni unabadilisha cha pili na sehemu ya cha tatu. Cha kwanza kinabaki kilevile, kuta zilezile, chumba kilekile, labda rauta tu ndiyo mpya. Na dalili uliyoitaja, chumba cha nyuma kushika kwa tabu, ni dalili ya kipande cha kwanza.

Nyumba nyingi za Mombasa zimejengwa kwa matofali ya matumbawe na zege. Mawimbi ya Wi-Fi yako ya namna mbili kwenye rauta nyingi. Ya GHz 2.4 yanapenya ukuta vizuri zaidi, lakini yana chaneli tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Fungua orodha ya Wi-Fi kwenye simu ukiwa chumba cha nyuma uhesabu majina ya majirani. Ukikuta ishirini, jua nyumba ishirini zinasemezana kwenye chaneli hizo tatu, na zote hurudi nyumbani jioni. Ya GHz 5 yana nafasi kubwa na kasi nzuri, lakini ukuta wa pili tu unayachosha. Basi laptopu yako huenda inaning'inia kwenye 2.4 iliyojaa, au kwenye 5 inayofika ikiwa hoi.

Niliwahi kuitwa Mikindani na familia iliyokuwa imeshalipa malipo ya awali kwa kampuni nyingine. Rauta yao ilikuwa juu ya friji, na mbele yake wameegemeza sinia nne kubwa za alumini, zile za pilau ya harusi. Chumba cha kulala nilipima Mbps 4. Tuliihamisha hadi kwenye rafu ya ukumbi wa kupitia, kimo cha kichwa cha mtu mzima, mahali panapoona milango mitatu. Chumba kilekile, simu ileile: Mbps 22. Laini ilikuwa nzima siku zote. Malipo yao ya awali hayakurudi.

Dawa ya uhakika kwa meza ya kazi ni waya. Mita 15 au 20 za waya wa mtandao kutoka rauta hadi chumba cha nyuma, umepigwa misumari ya plastiki juu ya mlango, pamoja na kazi ya fundi, hazifiki bili yako ya mwezi mmoja. Mwambie fundi atumie vichwa vizuri. Hewa yetu ya chumvi hutia kutu vichwa rahisi, ukajikuta baada ya mwaka unaulaumu mtandao kumbe ni kutu. Kama hutaki waya ndani ya nyumba, basi rauta iende mahali pa wazi katikati. Ila ule uzi mwembamba wa faiba unaoingia kwenye kisanduku usiukunje. Mzunguko wake usiwe mdogo kuliko kitako cha kikombe cha kahawa, kwa sababu mwanga hauwezi kupiga kona kali: hutoroka pale palipokunjwa.

Kuna ugonjwa mwingine wa nyumbani, nao hauonekani kwenye kipimo cha kasi. Wengi tunadhani intaneti nzuri ni intaneti pana. Lakini fikiria feri ya Likoni. Feri inabeba magari mengi kwa mkupuo mmoja, na mwenye lori la saruji hana shida akisubiri nusu saa. Mwenye ambulensi akikaa nyuma ya malori hayo, upana wa feri haumsaidii. Mkutano wa video ni ambulensi. Simu za watoto zikiingia Wi-Fi jioni zinaanza kupeleka picha na video za kutwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, televisheni inashusha masasisho, na njia ya kwenda, ambayo kwenye vifurushi vingi ni nyembamba kuliko ya kurudi, inajaa malori. Sauti yako inasubiri kwenye foleni ndani ya rauta. Wenzako wanakuona umeganda, wewe unawaona vizuri. Kama ndivyo inavyokuwa kwako, zima kunakili picha kwenye simu zote za nyumba hadi mkutano uishe, kisha utazame matokeo ya siku hiyohiyo. Rauta nyingi pia zina mahali pa kutanguliza kifaa kimoja. Itangulize laptopu yako.

Kipande cha pili, cha mtaani, ndicho kijana wa mlangoni angependa tukizungumze. Faiba nyingi za majumbani ni za mfumo uitwao GPON: kutoka kituoni unakuja uzi mmoja wenye uwezo wa karibu Gbps 2.5 (yaani Mbps 2,500) kushuka, yaani kuja kwenu, na 1.25 kupanda, yaani kutoka kwenu, kisha kigawio kisichotumia umeme kinaugawa kwa nyumba 32 au 64. Watu husikia hayo wakasema, "Tumejazana, ndiyo maana usiku haiendi." Lakini hata nyumba 64 zikivuta kwa nguvu kwa wakati mmoja, kila moja inapata kama Mbps 39. Uzi wenyewe ni nadra kuwa tatizo kwa mtu wa Mbps 30. Tatizo likiwepo huwa ni juu yake, kwenye njia inayounganisha kituo cha mtaa na mtandao mkuu wa kampuni: imenunuliwa ya ukubwa gani, na imeuziwa wateja wangapi. Hilo hulioni wewe, wala yule kijana halijui. Linajulikana kwa kupima saa 3 usiku tu. Na kampuni inayoingia mtaani upya huwa tamu kwa sababu bado ina wateja wachache. Utamu wa mwezi wa kwanza usiutumie kupimia mwezi wa kumi.

Kipande cha tatu kinatuhusu sana sisi wa Mombasa, maana nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zinatua hapa. TEAMS na SEACOM zilifika 2009, EASSy 2010, PEACE 2022. Mwezi Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota kuanzia Kenya na Tanzania hadi nchi za jirani. Kampuni zenye nafasi kwenye nyaya nyingine ziliweza kuhamisha mizigo yao, zilizoegemea upande mmoja zikakaa zikisubiri meli ya ukarabati. Kwa anayetazama tamthilia usiku hilo lina uzito kidogo, kwa sababu YouTube na Netflix huweka nakala za video zao kwenye mashine zilizo karibu nasi. Wewe unaongea na watu wa ng'ambo, kila neno linavuka bahari. Ndiyo maana inawezekana watoto wakaangalia katuni bila kukwama huku wewe unakatika kwenye laini hiyohiyo, na mume wako akaapa kwamba intaneti iko sawa. Wote wawili mnasema kweli.

Basi upime. Nataka wiki moja ya daftari, si zaidi. Kila siku pima mara mbili, saa 12 asubuhi na saa 3 usiku. Kila mara pima laptopu ikiwa imechomekwa kwa waya kwenye rauta, kisha pima kwa Wi-Fi ukiwa chumba cha nyuma. Andika namba tatu: kushuka, kupanda, na muda wa kwenda na kurudi kwa milisekunde. Usiku ongeza kipimo kimoja ukichagua seva (mashine ya upande wa pili unayopimia) ya Ulaya, Marseille au London kwa mfano, kwa kuwa programu za kupimia hukuchagulia seva ya karibu zenyewe na kukupa namba nzuri kuliko safari unayosafiri. Kwenda Ulaya na kurudi, milisekunde mia na kitu ni kawaida. Unachotafuta ni kama zinaruka, mara 130, mara 400, mara 150.

Ukikuta kwa waya ni 29 asubuhi na 28 usiku, lakini chumba cha nyuma ni 4, tatizo ni lako, liko ndani, na hakuna kampuni itakayolitatua kwa kukuuzia Mbps 40. Ukikuta kwa waya 29 asubuhi na 8 usiku, huku umezima vifaa vingine vyote, kampuni yako imeuza kuliko inachoweza kubeba. Wapigie na namba hizo mkononi, wape wiki mbili, na wasipozirekebisha hama bila huruma. Ukikuta seva ya Nairobi ni nzuri usiku na ya Ulaya ni mbovu, muulize yeyote unayetaka kuhamia kwake swali moja: mnatoka nchini kwa nyaya ngapi?

Majirani zako nao wana daftari, ila hawajaliandika. Wa ghorofa ya pili anayesifu huenda rauta yake iko karibu na kitanda. Wa tano anayejuta huenda yuko kwenye chumba cha nyuma kama chako. Maneno yao yasikutoshe. Waombe kwa heshima uende na laptopu yako na waya wako saa 3 usiku, upime dakika tano kwa kila mmoja. Dakika hizo kumi zina thamani kuliko matangazo yote, kwa sababu jengo ni lenu, mtaa ni wenu, na laini ni ileile utakayofungiwa.

Kijana akirudi, kabla ya kalamu, muulize kama kinachoingia ndani ya nyumba yako ni faiba yenyewe au ni waya wa shaba kutoka kisanduku cha ngazini, au antena ya juu ya paa. Wauzaji wadogo wengi huleta faiba hadi jengoni, kisha wanaigawa kwa njia nyingine, na hapo ile hesabu yangu ya Mbps 39 haipo tena. Muulize kasi ya kupanda ni ngapi. Muulize ukivunja mkataba mwezi wa nne unadaiwa nini. Na "isiyo na kikomo" muulize inafikia wapi, kwani mara nyingi kuna kiwango ambacho ukikipita kasi inapunguzwa hadi mwezi mwingine. Video ya HD inaweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa. Nyumba yenye skrini mbili, saa tatu kila moja, ni gigabaiti 18 kwa siku, 540 kwa mwezi. Kikomo kikiwa 500, siku mbili tatu za mwisho wa mwezi mtatambaa.

Majibu hayo yote yatakiwe kwa maandishi. Kanuni za ulinzi wa wateja wa mawasiliano za Kenya za mwaka 2010 zinakupa haki ya kuelezwa bei na masharti kwa ukamilifu na kwa lugha inayoeleweka. Hapo humwombi hisani.

Kuhusu dishi la shemeji. Starlink ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023, na imewafaa mno watu wa mahali pasipofika waya: shamba, hoteli ya ufukweni, shule ya mbali. Lakini nayo inagawiwa kwa eneo. Mwishoni mwa 2024 ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na maeneo ya jirani kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa, ikafungua tena 2025. Kwako wewe kuna mawili zaidi. Dishi linahitaji anga wazi, na paa ni la mwenye nyumba. Pili ni stima. Dishi la kawaida hula kama wati 50 hadi 100 mfululizo, kutegemea toleo. Kwa wati 60 ni yuniti 43 hivi kwa mwezi, pesa inayokaribia au kupita shilingi 1,000 za tokeni, wakati rauta ya faiba hula wati kama 10. Ukijumlisha na gharama ya kifaa, kwa mtu aliye Tudor ambako faiba imefika mlangoni, simshauri.

Na kwa kuwa tumetaja stima: vigawio vya GPON havihitaji umeme. Ukipotea jengoni, intaneti yako inaweza kubaki hai mradi rauta na kisanduku cha faiba vina betri ndogo ya volti 12, na kituo cha kampuni kina umeme wake wa akiba. Kama mikutano yako imewahi kukatika kwa sababu stima imepotea, betri hiyo ni matumizi bora kuliko kuhama.

Mimi ningekuwa wewe, mwezi huu nisingehama. Ningevuta waya hadi meza ya kazi, nikazima kunakili picha jioni, nikapima wiki moja. Mikutano ikitulia, mwezi unaofuata ningeshuka hadi Mbps 15 kwa majaribio, televisheni ikiwekwa ubora wa HD wa kawaida. Nyumba ikiishi nayo, hizo 13,200 ni zako. Watoto wakilalamika na wewe ukaona wana haki, rudi 30 na ubaki na mikutano iliyotulia. Ila kama daftari linaonyesha laini yenyewe inaanguka kila usiku na kampuni yako haishughuliki, hama, hata kama akiba ni ya shilingi 267, maana mteja mmoja wa ng'ambo akikukimbia kwa sababu humsikiki atakugharimu zaidi.

Kuna mahali ambapo daftari halitoshi na lazima mtu afike. Taa iliyoandikwa LOS kwenye kisanduku, ya kuonya kwamba mwanga wa faiba haufiki, ikiwaka nyekundu, au laini ikikatika kila mvua inaponyesha, au kasi kwa waya ikiwa ndogo hata asubuhi, omba fundi wa kampuni aje na kipima mwanga. Mwombe akuonyeshe namba. Ikiwa kati ya -10 na -25 mko salama. Ikikaribia -27 mwanga umechoka, kuna kiungo kibovu au uzi uliokunjwa mahali, na kazi hiyo ni yao, si yako. Usichomoe kichwa cha faiba ukachungulia ndani. Ule mwanga hauonekani kwa jicho lakini unaweza kuliumiza. Na ukishalalamika kwa maandishi bila kujibiwa, peleka barua zako na vipimo vyako kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Ukiamua kuhama, anza na msimamizi wa jengo kabla ya kampuni. Mimi mwenyewe niliwahi kungoja siku 19 kwa sababu msimamizi alikataa mafundi wasipande, na siku hizo nilifanya kazi kwa bando za simu zilizomeza akiba yangu ya miezi minne. Pata ruhusa ya kutoboa kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha. Fundi akimaliza, mwambie Wi-Fi mpya aipe jina lilelile na nywila ileile ya zamani: simu, televisheni na kamera zote zitajiunga zenyewe. Kaa na laini zote mbili hadi mikutano mitatu ya usiku ipite salama kwenye mpya. Kisha ndipo uwaandikie wa zamani, na kama rauta ni yao, irudishe pamoja na chaja yake, uchukue risiti yenye namba iliyo chini ya rauta hiyo.